Loice Asiyemjua Mtu

Wanaosema nyumba yangu ya Katwe ilikuwa danguro, waseme. Mdomo ni jumba la maneno. Mimi Kaltumi, mjane wa sajini wa Kinubi, nilipangisha vyumba nyuma ya karakana za mabati, na mpangaji anayelipa kodi simuulizi kaitolea jasho wapi. Wasichana wangu walikuwa wasafi, hawakuiba, hawakutukanana mbele ya wageni. Zipo nyumba za watu wa dini hapa Kampala ambazo siwezi kuzisifu hivyo.

Miaka ile ya wanajeshi biashara yao ilikuwa ya mchana. Usiku ulikuwa na wenyewe: risasi, vizuizi barabarani, magari yasiyo na namba. Mwanamume mwenye akili alikuwa kwake kabla ya magharibi. Basi wageni wetu walikuja baada ya chakula cha mchana, nyundo za Katwe zikigonga mabati kwa kelele kiasi kwamba jirani hawezi kusikia chochote hata akitega sikio. Mimi niliweka benchi barazani na birika la chai, nikawa naona kila aingiaye na kila atokaye.

Adabu ya nyumba ile hakuna aliyeiandika wala kuifundisha, lakini ole wake asiyeijua. Mwanamume akikuta viatu vya mwenzake mlangoni, hagongi wala hakohoi. Anakaa benchini anakunywa chai. Wa benchini hawaulizani majina wala vyeo. Wanaongea habari za mvua na mpira, na bosi akimkuta karani wake pale, wote wawili wanalitazama birika. Msichana aliyemmiminia mgeni chai ya kwanza, mgeni huyo ni wake. Mwenzake akijitia kummiminia ya pili, siku hiyo mtavuana vitambaa. Na kubwa kuliko yote: ukishatoka nje ya uwanja wangu, hatujuani. Sokoni, kanisani, hospitali, mbele ya mkewe, mbele ya askari, jibu ni moja tu. Simjui.

Katika hilo la mwisho hakukuwa na bingwa kama Loice.

Alikuwa Mjaluo wa Kenya, mtu mzima, si kigoli. Alikuja Kampala na mumewe aliyefanya kazi reli, mume akaoa mwingine Jinja akasahau njia ya kurudi. Uzuri wa Loice ulikuwa wa kawaida tu. Chumba cha pili alikaa Rosebella, naye Mkenya, mdogo kwake na mzuri wa kugeuza shingo za watu, na kwa haki wageni wote wangekuwa wa Rosebella. Lakini Rosebella uso wake haukujua kunyamaza. Akipishana sokoni na mgeni wake aliye na mke, midomo ilimcheza, macho yakacheka, mke akageuka kutazama. Mgeni huyo hakurudi kwake tena. Alirudi kwa Loice.

Kisa kilichompa Loice sifa kilitokea kanisani. Alikaa benchi moja na bwana mmoja mkubwa wa wizara, mgeni wake wa siku nyingi, pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Mke alipokwenda kupokea meza ya Bwana, akamkabidhi Loice mtoto amshikie. Aliporudi, Loice akamrudishia kwa mikono miwili, akamtazama yule bwana kwa macho makavu, akamuuliza mkewe, "Mama, hii mtoto nafanana na nani? Mimi naona kama nafanana na wewe tu." Bwana mkubwa alilowa jasho hadi kola. Habari ile ilizunguka benchi langu mwezi mzima, bila jina la mtu, na tangu hapo wanaume walimwamini Loice kuliko padri wao.

Naye alijivunia hilo kupita kiasi. Alikuwa akiniambia, "Mama Kaltumi, sura nzuri kila mtu anazaliwa nayo. Kutojua mtu, hiyo ni kazi."

Yeye na Rosebella walichukiana kwa heshima. Huyu akitia wanga pazia, yule anatia wanga hadi shuka. Huyu akipata sabuni ya kunukia, yule haonekani siku mbili, akirudi ana sabuni ya kunukia zaidi. Sikuwaingilia. Ushindani ule ndio uliofanya uwanja wangu ung'ae.

Sasa kulikuwa na wageni wawili. Wa kwanza tulimwita Afande wa Sukari. Alikuwa wa idara zile za usalama ambazo watu walizitaja kwa kunyooshea kidole tu, na sukari wakati huo ilikuwa ya kuficha uvunguni. Yeye aliileta kwa mfuko, akaitua mezani kwangu watu wote waone. Wa pili alikuwa Obwona, Mwacholi, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, aliyefiwa na mke miaka kadhaa. Mtu mrefu, mpole, midomo imeota sugu kwa kupuliza. Hakuwa na cha kuleta isipokuwa simsim ya kusagwa kutoka kwao, na mazungumzo. Kilugha chake na cha Loice ni ndugu, wakisema polepole wanaelewana, basi nilikuwa nikiwasikia wakicheka, na kicheko hicho hakikuwa cha kazi.

Siku moja Afande akakuta viatu vya Obwona mlangoni. Badala ya kukaa, akaviokota, akavitupa katikati ya uwanja, akagonga mlango kwa ngumi. Benchi zima liliinamia vikombe. Loice alifungua nusu, kajifunga kanga kifuani, akasema, "Afande, benchi iko pale, chai iko." Sauti haikupanda wala kushuka. Afande alicheka, kicheko kibaya, akageuka. Rosebella naye hakulala. Alikwisha mimina kikombe. Tangu siku ile sukari ikahamia chumba cha pili.

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia Loice, "Yaani tutakunywa chai ya chumvi kwa ajili ya tarumbeta?"

"Sukari inaisha, Mama."

"Na mapenzi je?"

Akachukua birika, akaenda kulijaza upya. Ndipo nikajua kwamba yamemkuta.

Obwona alikuwa na ndoto moja tu ya ajabu. Hakutaka kumwoa kwa ng'ombe na shangwe, hakuwa nazo. Alitaka kumsalimia njiani. Alilisema hadi mbele yangu: "Iko siku moja mimi nasalimia wewe kwa barabara, Loice, mchana, watu yote naona. Nasema, habari yako mama, na wewe najibu." Loice akamcheka, "Jaribu. Utasalimia ukuta." Lakini nilimwona akigeuka upande ili tusione uso wake.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na saba Waacholi na Walangi wakaanza kusakwa tena na serikali, kwa kabila lao tu. Polisi, wanajeshi, waalimu, makarani, walichukuliwa makazini na ndugu zao hawakuambiwa lolote. Wenzake Obwona kwenye bendi walianza kupungua. Leo hakuna ngoma kubwa, kesho hakuna klarineti. Ndipo alasiri moja akaja kwangu bila sare, bila tarumbeta, akaingia kwa Loice, na safari hii viatu havikubaki mlangoni.

Loice akatangaza kwamba anaumwa. Wageni wakanywa chai wakaenda zao. Siri ile tuliijua watu wanne: mimi, wao wawili, na Khisa, dereva wa lori kutoka upande wa Bungoma aliyepitisha magendo Busia na kufahamiana na kila kizuizi. Khisa alikubali kuwachukua Ijumaa, kama mke na mume wanaorudi kwao Kenya. Obwona hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Karatasi yake ilikuwa Loice mwenyewe: kipande chake cha Kenya, mdomo wake, na neno lake kwamba huyu ni Omolo, fundi mwashi, mume wangu.

Basi wakajifunza. Nilikuwa nikipita na maji nasikia somo. Alimfundisha kuamkia kwa Kijaluo cha kwao, kutaja vituo vya reli hadi Kisumu, kutukana kama dereva wa Kisumu. Obwona akawa Omolo, tena Omolo mzuri. Mwanafunzi mbaya alikuwa mwalimu. Kila ilipofika zamu yake kusema "huyu ni mume wangu," alishikwa na kicheko, akafunika uso kwa kanga. Miaka yote ile ulimi wake ulijifunza jambo lililo kinyume.

"Sema," Obwona akamwambia. "Sema mara moja tu, Mama Kaltumi nasikia."

"Nitasema tukifika kwa kizuizi. Hapa mnanitazama."

Alhamisi tulikwenda sokoni mimi na yeye kununua vya njiani. Nyuma yetu, hatukujua, askari waliingia kwenye karakana za jirani kutafuta watu, wakivunja milango. Obwona aliruka ukuta. Angeweza kukimbilia popote, lakini mtu asiye na karatasi huifuata karatasi yake ilipo. Akaja sokoni kumtafuta Loice, akakamatwa penye wauza mkaa, hatua chache kutoka tulipo. Akawaambia kama alivyofundishwa: mimi Omolo, Mkenya, mke wangu yuko pale ananunua nyanya.

Tuliona tu watu wakipisha. Askari watatu, na katikati yao yeye, damu puani. Mmoja alimwekea kitako cha bunduki mdomoni asiseme kitu, maana walitaka kusikia kwa mwanamke kwanza. Na ieleweke: miezi ile walikuwa pia wakiwasomba wanawake wasio na waume, na mtego wao ulikuwa huo huo. Wanakuletea mwanamume, wanakuuliza unamjua? Ukisema ndiyo, wewe ni malaya, panda gari.

"Wewe mama," askari akamwambia Loice. "Najua hii mutu?"

Loice alimtazama Obwona. Nilikuwa ubavuni pake, niliyaona macho yale. Yalikuwa makavu na matulivu, macho yale yale ya kanisani.

"Hapana," akasema. "Simjui."

Lilitoka vizuri. Hakuna mwanamke Kampala nzima ambaye angelitoa vizuri kuliko hivyo. Na Obwona, Mungu amrehemu, aliinamisha kichwa kidogo, kama wageni wetu walivyofanya wakipishana mjini na msichana aliyetunza adabu.

Wakamgeuza kuondoka. Ndipo mwili wa Loice ukashtuka wote. Akatupa kikapu, akaruka nyanya za watu, akawashika askari mikono. "Afande, ngoja! Huyo bwana yangu! Anaitwa Omolo, bwana yangu wa ndoa! Mimi naliogopa tu, Afande, naliogopa bunduki!"

Askari walicheka. "Malaya hii! Saa hii nasema hapana jua. Sasa naona iko na shati muzuri, nageuka bwana yako?"

"Ni mume wangu! Mama Kaltumi, waambie!"

Nikasema, wallahi nikasema kwa Kinubi na kwa Kiswahili, kwamba ni mumewe na wanakaa kwangu. Yule mkubwa wao akaanza kutusikiliza. Kisha akamgeukia Loice, akamtazama kwa namna ambayo sisi wanawake tunaijua, akasema kama ni mumewe basi naye apande gari, wataulizwa wote wawili huko huko.

Loice akainua mguu kupanda. Kitako cha bunduki kilikuwa kimeondoka mdomoni mwa Obwona, na yeye ndiye aliyesema.

"Mimi hapana jua huyu mama," akasema. "Mimi nalidanganya. Mimi Mwacholi, jina yangu Obwona. Wacha yeye, ni mutu wa soko tu."

Wakamsukuma Loice akaanguka kwenye majani ya migomba. Gari likaenda. Obwona hakugeuka kumtazama, na mimi najua kwa nini hakugeuka.

Watu walimwambia Loice mengi ya kumtuliza: kwamba wangemchukua tu, kwamba hata angesema ndiyo wasingemwamini. Huenda. Mimi nilikuwapo, na sidhani. Kama neno lile la pili lingekuwa la kwanza, nadhani wangemwachia. Sikumwambia hivyo. Lakini hakuwa mjinga.

Alizunguka kambi na vituo vyote akisema anamtafuta mumewe. Sasa neno lilimtoka bila kicheko. Akamwendea hadi Afande wa Sukari, mjini, mlangoni pa ofisi yake, mbele ya wenzake. Akapiga magoti kwenye lami. "Afande, wewe unanijua. Nisaidie."

Afande akavua miwani, akaipangusa. "Mama," akasema, "mimi sikujui."

Adabu ni adabu.

Aliporudi kutoka pale Loice akawa mtu mwingine. Alianza kusalimia. Kila mwanamume aliyewahi kupita chumbani kwake alimsalimia kwa jina, mchana, mbele ya yeyote. Kanisani alimwambia bwana mkubwa wa wizara, "Habari ya siku nyingi, mbona hukuji?" na mkewe yupo. Kule Bukoto alimkimbilia mwenye duka na kumuuliza mgongo umepona? Walimtemea mate, wake zao wakampiga mara mbili, benchi langu likabaki na paka. Nilipaswa kumfukuza. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila asubuhi nilimkuta Rosebella ameketi mlangoni pake na kikombe, akimbembeleza anywe. Chai ilikuwa na sukari, na sote tulijua ya nani. Rosebella alikuwa akilia kuliko Loice.

Kisha likapita lori la wafungwa. Yalikuwa yakipita, na tulikuwa na desturi yake: ukilisikia, unageuza uso ukutani, unasaka kitu kwenye kikapu. Barabara ilikuwa mashimo matupu, lori likaenda mwendo wa mguu. Katwe yote ikageuka. Nyundo zikanyamaza. Loice peke yake akaingia barabarani, akatembea sambamba na lori, shingo juu, akiita, "Obwona yumo? Obwona wa bendi?"

 Sauti ya kijana ikatoka katikati ya watu wale waliofungwa mikono. "Hapana, mama. Lakini mimi Odoch, wa Pajule. Mama yangu Alanyo. Ambia yeye."

Askari wa nyuma akainua bunduki, lori likapata njia nzuri, likaenda. Loice alikuja barazani akiwa na jina lile mdomoni, akilirudia lisimpotee. Kesho yake hakuwapo. Alikuwa ameacha pazia lake lenye wanga mlangoni kwa Rosebella.

Nilimwona tena baada ya serikali ile kuanguka, watu walipoanza kutafutana. Alikuja Katwe amenyoa kichwa, mikono imechubuka kwa jembe. Nikampikia. Akaniambia kwamba alifika Pajule, kule kwa Waacholi, kwa miguu na kwa malori ya watu, akamkuta Alanyo, mwanamke mzee, anaanika mtama. Akampa habari za lori lile, ambalo waliopandishwa hawarudi. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa chini, akamuuliza, "Na wewe ni nani wake?"

Loice hakuwa amemwona Odoch uso. Alisikia sauti tu.

"Nikasema mimi ni mke wake," akaniambia. "Ilitoka mara moja, Mama. Haikunisumbua hata kidogo."

Wakamnyoa, wakamweka kwenye mkeka kati ya wanawake wa ukoo, akakaa matanga ya mtu asiyemjua. Na jioni Alanyo akasogea karibu, akataka kusikia habari za mwanawe huko Kampala, alivyoishi, maana alikuwa ameondoka nyumbani mdogo.

"Sasa ukamwambia nini, mwanangu?" nikauliza.

"Nilimpa Obwona. Yote. Kwamba hapendi bamia. Kwamba akinyoa ndevu anaimba kwa pua. Kwamba anaogopa ngurumo, mtu mzima vile, anashika mkono wako. Kwamba hajawahi kuniita jina baya hata siku moja."

"Na yeye?"

Loice alisukuma sahani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Alicheka, Mama, machozi yakimtoka. Akaita wenzake waje wasikie. Akasema ndiye, ndiye mwanangu huyo, hata alipokuwa mdogo ngurumo ilikuwa inamkimbiza chini ya kitanda changu."